Furaha ya Saa Nne

Asubuhi ile tulitoka chumbani kwetu Levolosi, mjini Arusha, bila mpango wowote. Upendo alikuwa ameniuliza maji ya mfereji uliopita nyuma ya choo chetu yanatoka wapi, na mimi, niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alichoka na maswali ya namna hiyo, sikuweza kumwambia anyamaze. Nikamfunga Nembris mgongoni kwa khanga ya mama yake, nikatia maandazi manne kwenye mfuko, nikapiga kufuli. Upendo alikuwa na miaka saba, Nembris minne. Mama yao alikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii huko Serengeti, miezi mitatu kazini, wiki mbili nyumbani, na huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kukaa na watoto peke yangu. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kwenda. Nimechimba Mererani, nimekuwa utingo wa lori la vitunguu, nimechunga ng'ombe wa watu Monduli, na sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Tulifuata mfereji hadi mtoni, tukapanda Sekei, tukazipita nyumba zenye mageti na mbwa. Lami ikaisha, vumbi likaisha, tukajikuta kwenye udongo mwekundu wenye unyevu, ndani ya migomba. Chanzo cha maji hatukukiona. Tulimwona mwanamke mnene amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, na mwanamume aliyevaa miwani ya jua amesimama mbele yake, anambembeleza.

"Ni saa mbili tu, mama. Wanakuja, wanakula, wanaondoka."

"Na hao watoto unaowataka niwatoe wapi? Nizae leo?"

Ndipo yule mwanamume alipogeuka akatuona. Alitutazama kama mtu anavyotazama mbuzi mnadani, kuanzia miguuni. Mpaka leo nikikumbuka macho yale yakipanda kwa wanangu, na mimi nimesimama pembeni natabasamu kwa kuwa nilikuwa na njaa, natema mate chini.

Aliitwa Loti, na alikuwa mratibu wa utalii wa kitamaduni, maneno aliyoyatamka huku akijirekebisha kola. Wageni alikuwa nao, nyumba alikuwa ameipata. Alichokosa ni familia. Mwenye nyumba, Mama Godlisten, alikuwa mjane, na Godlisten mwenyewe, mwanawe wa pekee, alikuwa ameshahamia Dar. "Mgeni hawezi kupanda mlima kuja kumwona mjane anamenya ndizi," Loti aliniambia. "Anataka baba, mama, watoto. Sisi tunamtengenezea kumbukumbu." Akachuchumaa mbele ya Upendo. "Mtoto mzuri, unajua kucheka?" Upendo akamwangalia kwa utulivu. "Kuna nini cha kuchekesha?" Mama Godlisten akacheka mpaka kisu kikamponyoka, nami nikacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniingiza. Hicho, na mtori uliokuwa ukitokota jikoni kwake. Tulikula bakuli mbili mbili, watoto wakalala kwenye jamvi matumbo yamewavimba, na kabla jua halijapinda nilikuwa nimekubali kuwa baba wa watoto wangu mwenyewe siku za Jumanne na Ijumaa.

Mama Godlisten tumemzika mwezi uliopita, na ndiyo maana ninaandika. Nilipofika msibani nilipewa karatasi ya ratiba ya ibada. Ukurasa wa mbele, chini ya msalaba, ilikuwepo picha yake akiwa na wanangu wawili magotini, wote watatu wanacheka meno yote nje, nyuma yao kibanda cha nyasi. Ilipigwa na mgeni mmojawapo na kuletwa na Loti, na mama wa watu aliitunza miaka yote hiyo. Mwanamke aliyekaa karibu nami chini ya turubai akaipitishia kidole. "Angalia alivyopenda wajukuu zake," akasema. "Picha za hivi siku hizi huzipati. Sasa watu wanaigiza tu." Kilichonichefua hakikuwa uongo wa picha ile, kwa maana uongo niliuzoea zamani. Kilichonichefua ni kwamba picha ni nzuri kweli. Mtu angetaka kuzaliwa ndani yake. Upendo, ambaye sasa ana mabinti wawili wa kwake, nilimkuta kwenye foleni ya chakula ameshika sahani kifuani. Nikamuuliza kama ameiona.

"Nimeiona."

"Ulikuwa unacheka nini pale?"

"Baba, wewe ulikuwa nyuma ya mpiga picha. Ulikuwa unatuonyesha meno yako, na sisi tuonyeshe yetu." Akasogea mbele, akapakuliwa makande. "Na tafadhali usiniambie zilikuwa kumbukumbu nzuri." Nyumbani kwake hakuna picha hata moja ya wanawe ukutani. Wakwe zake wanadhani ni mambo ya dini. Mimi huwa nakunywa chai, natazama ukuta mtupu.

Sebule ya Mama Godlisten ndiyo iliyokuwa sebule nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa. Makochi manne, kila moja na kitambaa cha kufuma chenye maua ya zambarau alichokifuma mwenyewe, televisheni iliyofunikwa shela kama bibi harusi, kalenda ya usharika, jiko la gesi la plate mbili alilolifuta kila baada ya kupika. Kila Jumanne na Ijumaa alfajiri tuliificha sebule hiyo. Televisheni tuliivisha blanketi, jiko tulilisukuma uvunguni, beseni za plastiki tulizibeba nyuma ya choo, na yeye akavua saa yake ya mkononi na kuitia kwenye kopo la chumvi. Nyumba yenyewe, kwa kuwa ilikuwa ya tofali na bati, haikufichika, kwa hiyo Loti alijenga kibanda cha msonge chini kwenye migomba, nyasi zikaja kwa lori. Watu wa kijiji wakaja kukitazama. Jirani mmoja, mzee wa kanisa, alikizunguka mara mbili mikono imefungwa mgongoni. "Baba yangu alitoka kwenye kitu kama hiki akiapa harudi," alisema. "Ninyi mnarudi na mnafurahi?" Loti akamweleza kwamba wageni wanataka maisha halisi. "Maisha halisi yako pale juu," mzee akasema akionyesha bati, "na sasa hivi yamefunikwa blanketi." Viatu vya Upendo, ambavyo mama yake alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza, vilikaa kwenye zizi la ng'ombe mpaka wageni waondoke. Mtoto pekupeku, Loti alisema, anatoka vizuri kwenye picha. Siku hizo mbili Upendo hakwenda shule. Niliandika vikaratasi kwa mwalimu wake kwamba anaumwa tumbo, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano, na mwalimu, mtu mwema, siku moja alimpa dawa ya minyoo aniletee.

Halafu kulikuwa na suala la jina. Kwetu huku mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina hilo halitoki tena mpaka kaburini. Unaweza kumwazima jirani sufuria, shoka, hata dume la mbegu, lakini jina hilo haliazimwi. Loti alipenda sana kuwaeleza wageni mila hiyo, maana iliwafanya waseme "aaa" kwa pamoja. Sasa akataka Mama Godlisten aitwe Mama Upendo.

"Wakiuliza Godlisten yuko wapi niwaambie nini?" Loti akauliza.

"Waambie yuko Dar, anauza simu na hanipigii."

"Mama, tusaidiane. Mtoto aliyepo ni Upendo."

"Jina la mtu ni la mtu," alisema Mama Godlisten. "Mwenye nalo yuko hai, anafanya kazi. Siyo vizuri." Akanitazama mimi. Wa kukataa nilikuwa mimi. Jina lilikuwa la mke wangu, alilipata kwa siku mbili za uchungu nami nikiwa kwenye lori njiani Karatu. Nikasema, "Ni saa mbili tu, mama." Maneno yale yale ya Loti, nimeyaokota nikayavaa. Yeye akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharage, na Ijumaa iliyofuata akaitikia. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe kando ya njia waliifurahia sana habari hiyo. "Mama Upendo wa Ijumaa, hujambo? Mumeo mchanga huyo, mlishe vizuri asitoroke!" "Piteni huko," aliwajibu, "ninyi wenye waume wa wiki nzima ambao hata hamwatazami." Wakacheka, wakaondoka, na baada ya miezi michache jina likawakaa mdomoni. Walimwita hivyo hata Jumapili, wakitoka kanisani.

Wageni walifika saa nne. Nembris alisimama penye mlango wa ua na kikapu cha maua, akipiga goti kwa kila mmoja: "Karibu mgeni wetu." Tulimfundisha sauti, nyembamba na ya juu, kwa sababu sauti yake halisi ilikuwa nzito kama ya chura. Kanuni ilikuwa moja, nami ndiye niliyemwimbisha mpaka akaishika: saa ya wageni, yeyote anayeingia uani ni mgeni, na huyu aliyekaa kwenye kigoda ndiye mama. Kisha watoto walitwanga kahawa kwenye kinu huku wakiimba wimbo wa shule ya Jumapili tuliowaambia wageni kuwa ni wimbo wa mavuno. Kahawa yenyewe Loti aliinunua mjini, imeshakaangwa. Ya Mama Godlisten ilikuwa imeshakwenda kwenye chama cha ushirika, na yeye mwenyewe hakunywa kahawa, alisema inampandisha presha, alikunywa chai ya maziwa kama sisi sote. Mimi nilisimama, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: huyu ni mke wangu, hawa ni binti zangu, hapa ndipo tunapolala. Wageni walishika nywele za wanangu, wakawapakata, mikono yao inanukia mafuta ya kuzuia jua. Halafu chakula. Mama Godlisten aliamka kabla ya jogoo kupika mtori na loshoro, mahindi yake na maziwa mgando yake, na wao walionja kijiko kimoja, wakakunja pua kwa loshoro, wakarudisha bakuli zina alama za rangi ya midomo na karatasi laini za kufutia pua zinaelea. Yeye alikuwa anazipokea kwa mikono miwili, anasema ahsante. Walipoondoka tulikula kilichobaki kwenye chungu kimepoa. Nakumbuka sauti ya vijiko tu, na Loti akituambia kutoka mlangoni, "Leo mmoja amelia! Mmeua!"

Ningekuwa mwongo kama ningesema nilichukia yote. Mimi ni mtu wa kuuliza, na pale nililetewa dunia nzima mpaka kwenye jamvi. Nilikutana na mwanamume ambaye kazi yake ni kutengeneza meno ya farasi, nikamganda mpaka akanichorea taya kwenye vumbi. Nilijua theluji inanukaje. Nilimwuliza bibi mmoja mbona analia, akasema wajukuu zake wanakaa mtaa wa pili na huwaona mara moja kwa mwaka. Nikamwuliza mbona haendi yeye. Akainua kamera akampiga Nembris picha. Nilirudi Levolosi na mambo ya kufikiria wiki nzima, nimelala chali natazama bati, nimeshiba maswali ya watu wengine, na watoto wangu wako ubavuni mwangu na sijawauliza hata moja.

Wao ndio waliokuwa wakiniuliza. Upendo, Ijumaa moja, nikimchana nywele: "Baba, leo tunafurahi saa ngapi?" Nikamjibu saa nne, kama nilivyozoea, nikaendelea kuchana, na kitana kilikuwa kimeshafika kisogoni ndipo nilipoyasikia maneno yenyewe. Siku nyingine mvua ilinyesha mfululizo, barabara ya juu ikawa utelezi, wageni wakaahirishwa. Nikafurahi. Nikasema leo ni siku yetu. Nikakaanga viazi kwenye jiko la mkaa, nikatandika khanga sakafuni, nikajifunga taulo kichwani nikawachekesha kwa sauti ya mwalimu wangu wa darasa la tano. Upendo alikula viazi vyake akitazama mvua. Nembris alicheka, kile kicheko chembamba, akainua kipande cha kiazi karibu na shavu lake, akakishikilia hapo. Akangoja. Kisha akageuza kichwa huku na huku chumbani, na kwa sauti yake ya chura akauliza, "Wako wapi?" Nilijua anawaulizia akina nani. Nilipaswa kupiga kufuli ule mlango na kutorudi kule juu tena. Ijumaa tulirudi.

Mama yao alipiga simu kila Jumapili kwa fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, na fundi aliniita huku mguu uko kwenye pedali.

"Wanakula?"

"Wanakula. Juzi mtori."

"Mtori! Umejua lini kupika mtori, Baba Upendo?"

"Kuna mama mmoja anatusaidia."

"Mungu ambariki. Na shule?"

"Mwalimu anamjali sana."

Nilijivunia wakati ule kwamba sikumdanganya hata neno moja. Sasa naona hakuna kitu kinachonuka kama ukweli uliopangwa namna ile, kama nyama iliyooza unayoisuuza kwa ndimu. Kwenye likizo zake mbili za kipindi hicho niliwaambia watoto tuko mapumziko, na nikamwambia Loti tunaumwa. Upendo, mwenye kujua kila kitu, alinitazama nikimwagia mama yake maneno. Miaka saba, na tayari alikuwa ananitunzia siri. Mtoto hapaswi kubeba mzigo huo, na aliyemtwisha ni mimi.

Sikufikiria jambo moja ambalo kila mtu Arusha angelifikiria: kwamba wageni wanaolala mjini siku mbili wanakwenda Serengeti siku ya tatu. Wakati huo kamera zilikuwa zimeanza kuwa na kioo nyuma. Haya mke wangu alinisimulia mwenyewe baadaye sana. Alikuwa anahudumia kifungua kinywa, mgeni mmoja akamshika mkono amwonyeshe picha za familia nzuri waliyoitembelea mlimani. "Huyu mama ana mabinti wazuri kuliko wote niliowaona," mgeni akamwambia. "Anaitwa Mama Upendo." Mke wangu alitazama kioo. Aliona Nembris kwenye mapaja ya mtu. Aliona wanawe pekupeku. Aliona mkono wangu, ukingoni mwa picha, alioutambua kwa kidole kilichokatika kucha kule Mererani. Aliendelea kumimina chai, alisema, mpaka ikajaa sahani na ikaanza kushuka mezani, na mgeni bado anabonyeza picha nyingine.

Ijumaa alifika Levolosi asubuhi akakuta kufuli. Fundi akamwambia siku hizo tunapanda juu, kupita Sekei. Aliingia kwenye migomba akawakuta wanawake wa kukata majani. Akawauliza, kwa kuwa hakujua aulize vipi vinginevyo, kwa Mama Upendo ni wapi. Nao wakamwonyesha, bila kusita, kwa mundu: shuka hapa, kata kushoto, utaona kibanda cha nyasi.

Tulikuwa kwenye kahawa. Wageni watano, Loti katikati, Mama Godlisten kwenye kigoda, Upendo na mchi mkononi. Mke wangu akasimama penye mlango wa ua, amevaa koti la kambini, mkoba begani, viatu vimejaa udongo mwekundu. Mgeni mmoja akauliza kwa Kiingereza, huyu naye ni nani? Kulikuwa na nafasi ya kusema kweli, ndogo kama tundu la sindano, lakini ilikuwepo. Nikasema ni dada yangu. Nilisahau kwamba Kiingereza ndicho anachokisema kutwa nzima kazini kwake. Nembris akamwona. Nilimwona mtoto akiruka kidogo, magoti yote mawili, kama anayetaka kukimbia. Kisha kanuni ikamshika. Akachukua ua kwenye kikapu, akatembea polepole mpaka kwa mama yake mzazi, akapiga goti na kusema kwa ile sauti nyembamba: "Karibu mgeni wetu."

Mama yake akalipokea ua. Kamera zikalia. Upendo aliacha kutwanga, na hakumtazama mama yake, alinitazama mimi, kujua tunafanya nini sasa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaonyesha meno.

Mke wangu akampita mtoto, akanipita mimi, akasimama mbele ya kigoda. "Shikamoo, mama."

Mama Godlisten aliinua macho. Alimtazama koti, viatu, uso. "Marahaba," akasema. "Ndiwe?"

"Ndimi."

Mama wa watu akashika magoti yake, akanyanyuka kwa shida, akakifuta kigoda kwa ncha ya khanga. "Basi kaa. Mimi nilikuwa nimekikalia tu, na nilijua si changu."

"Ahsante, mama. Sikai. Nimekuja kuchukua watoto. Viatu vya Upendo viko wapi?"

"Zizini," alisema Upendo, na kuangusha mchi.

Nyuma yangu nilimsikia Loti akiwaeleza wageni, haraka na kwa furaha, kwamba haya ni mapokezi ya kimila ya shangazi anayerudi kutoka safari, na kwamba wana bahati sana kuyaona. Mmoja akapiga makofi. Wengine wakafuata. Mke wangu akatoka zizini na viatu viwili vyenye mavi ya ng'ombe, akachuchumaa na kumvalisha Upendo huku makofi yanapigwa, akafunga kamba, fundo mbili mbili, na sikuwahi kujichukia kabla ya hapo, nilikuwa sijui hata kunakuwaje.

Mchana ule ule alikodi pikapu. Alipakia godoro, kitanda, masufuria, ndoo, na begi la nguo za watoto. Fundi cherehani alisaidia kubeba. Hakuna aliyeniambia nipande na hakuna aliyeniambia nisipande, kwa hiyo nilipanda nyuma, nikalishikilia godoro lisiruke. Yeye na watoto walikaa mbele na dereva. Tulishika barabara ya kwenda Ngaramtoni, na kupitia kioo kidogo cha nyuma nilimwona Nembris amelala kifuani kwa mama yake akiwa amemshika sikio, namna alivyomshika alipokuwa ananyonya. Mpishi mwenzake alikuwa amemwambia kuna chumba Olmotonyi, karibu na chuo cha misitu, na dada wa huyo mpishi yuko hapo hapo wa kuangalia watoto. Mimi sikuwahi kufika. Kwa tabia yangu ningekuwa nimeshashuka kuuliza miti ile mirefu ilipandwa na nani na inakatwa baada ya miaka mingapi. Upepo ulinukia utomvu na mbao mbichi. Sikutaka kujua kitu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mwembamba mwenye sweta la wanaume. Alitufungulia chumba, sakafu ya simenti, dirisha moja, msumari mmoja ukutani. Akatuonyesha bomba na mahali pa kuanikia. Kisha akatutazama tulivyosimama mlangoni na vyombo vyetu. "Mko wangapi?" akauliza. "Maana choo ni cha kushirikiana, lazima nijue."

Mke wangu alifungua mdomo. Upendo akamtangulia.

"Watatu," alisema.

Hakulisema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa hesabu na anaijua. Mama mwenye nyumba akanitazama, akamtazama mke wangu, na mke wangu akawa anahangaika na fundo la kamba ya godoro. Nikaingiza kitanda, nikakaza parafujo zake nne, nikalitandaza godoro. Nikachota maji ndoo mbili nikaziweka nyuma ya mlango. Nembris aliniuliza kwa sauti yake nzito kama nakwenda dukani. Nikamwambia ndiyo.

Nilitembea mpaka nyumba zilipoanza kuachana, nikamkuta mwanamume anapanga mbao nje ya banda lake. Nikamsalimu, nikamwuliza kama ana mahali pa mtu kulala. Akanionyesha stoo yenye maranda ya mbao mpaka magotini na gunia la kujifunika, akasema ni kavu, haina panya wengi. Nikatundika koti langu kwenye msumari. Akasimama mlangoni akinitazama, mtu mpole, mwenye kupenda habari kama mimi.

"Una familia, ndugu?"

"Nina mabinti wawili."

"Wako wapi?"

"Hapo chini. Nyumba ya tatu kutoka barabarani, yenye mama wa sweta."

Akageuka kutazama huko chini, kisha akanirudia mimi, miguuni kwanza. "Sasa mbona unalala hapa?"

Nikamwomba anionyeshe choo kiko upande gani.